Ngiri ya kinena pande mbili, moja ikiwa imejirudia: uchambuzi wa kisa cha upasuaji wa matundu madogo

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya madaktari, wauguzi na wataalamu wa usingizi wanaohudumia wagonjwa wa ngiri. Jina la mgonjwa, hospitali, tarehe na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha yameondolewa.

Mgonjwa na historia yake

Mwanamume wa miaka 59, kilo 74, mbebaji wa mizigo katika soko la jumla la mji mmoja nchini Tanzania. Kazi yake ni kupandisha magunia ya lumbesa kwenye malori, na gunia la aina hiyo mara nyingi linazidi kilo 100. Alikuwa akitumia amlodipini miligramu 5 kila asubuhi kwa shinikizo la damu, na akivuta sigara kama 10 kwa siku. Miaka 7 kabla ya hapo alipasuliwa ngiri ya kinena cha kulia kwa njia ya wazi, akawekewa wavu (kitambaa cha kuimarisha ukuta wa tumbo) kwa mtindo wa Lichtenstein, yaani ukishonwa kwa mbele.

Alikuja kliniki na uvimbe pande zote mbili. Wa kulia ulikuwa karibu na mwisho wa ndani wa kovu la zamani. Wa kushoto ulikuwa mkubwa zaidi na ulishuka hadi sehemu ya juu ya mfuko wa korodani. Yote miwili ilirudi ndani akilala na kutoka akisimama au kukohoa. Hakuwa ametapika, wala uvimbe haukuwahi kukwama. Maumivu yalimzidi jioni, na kwa miezi mitatu alikuwa amepunguza kazi kwa nusu, na kipato nacho.

Alipimwa akiwa amesimama, kisha akiwa amelala. Pwani, ambako mabusha yatokanayo na matende bado yapo, hatua hii haifai kurukwa. Kwenye busha, vidole vya mpimaji hukutana juu ya uvimbe, na mwanga wa tochi hupenya. Kwenye ngiri iliyoshuka, vidole havikutani kwa sababu uvimbe unatokea tumboni. Kwa mgonjwa huyu hapakuwa na shaka. Ultrasaundi ilifanyika kwa sababu upande wa kulia ulikuwa na kovu. Laiti angekuwa na ngiri ya kawaida inayoonekana wazi, mikono ingetosha.

Maamuzi kabla ya upasuaji

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kama apasuliwe au asubiri. Mwanamume mwenye ngiri isiyomsumbua anaweza kusubiri kwa usalama chini ya uangalizi, ingawa wengi huishia kupasuliwa baadaye kwa sababu maumivu huongezeka. Huyu tayari alikuwa na maumivu na kazi ilikuwa imeanza kumshinda, kwa hiyo kusubiri hakukuwa na faida.

Uamuzi wa pili ulihusu njia. Miongozo ya kimataifa ya ngiri za kinena iliyotolewa mwaka 2018 inashauri upasuaji wa kamera, yaani wa matundu madogo, kwa ngiri ya pande mbili, na kwa ngiri iliyojirudia baada ya upasuaji wa wazi, iwapo kuna mpasuaji mwenye uzoefu. Sababu yake ni ya kimaumbile. Upasuaji wa awali ulipita mbele, na kovu, wavu wa zamani na mishipa ya fahamu iliyonaswa vyote viko huko. Ukiingia kwa nyuma, kati ya misuli na utando wa tumbo, unafanya kazi mahali ambapo hapajawahi kuguswa. Na matundu yale yale matatu yanahudumia pande zote mbili.

Timu ilichagua kupita ndani ya tumbo, njia inayojulikana kama TAPP, badala ya TEP ambayo hubaki nje ya utando wa tumbo muda wote. Matokeo ya njia hizi mbili hayapishani sana. TAPP ilichaguliwa kwa sababu ndiyo timu iliyoizoea, na kwa sababu mfuko mrefu wa kushoto ungekuwa rahisi kuuona na kuuvuta kutoka ndani.

Gharama ya uamuzi huo ni usingizi kamili. Upasuaji wa wazi wa upande mmoja unaweza kufanywa kwa ganzi ya sehemu tu, na mgonjwa akaondoka akitembea. Tutalirudia jambo hili chini, maana lilikuja kuwa na uzito.

Maandalizi yalichukua wiki 4. Aliacha sigara na kikohozi kikatulia. Kikohozi kikali baada ya upasuaji husukuma tumbo pale pale palipozibwa. Choo kigumu kilitibiwa. Damu, figo, sukari na ECG (kipimo cha umeme wa moyo) vilikuwa sawa. Aliambiwa asinyoe nywele nyumbani kwa wembe, kwa kuwa mikwaruzo yake huwa makazi ya vijidudu. Zilipunguzwa kwa mashine siku ya upasuaji. Hakula chakula kwa saa 6, maji matupu aliruhusiwa hadi saa 2 kabla, na alimeza amlodipini yake asubuhi kwa funda moja la maji. Alikojoa dakika chache kabla ya kuingia thieta, kwa hiyo hakuwekewa mpira wa mkojo.

Hakuna aliyemuuliza anakojoaje.

Upasuaji, hatua kwa hatua

Alilazwa chali, mikono yote miwili ikiwa imebanwa ubavuni, skrini upande wa miguu. Alipewa antibiotiki ya sefazolini gramu 2 kabla ya kuchanjwa, dozi moja tu. Miongozo haidai antibiotiki kwa upasuaji huu mahali ambapo maambukizi ni machache. Timu iliitoa kwa kuwa hospitali haikuwa na takwimu zake za maambukizi ya vidonda. Ila kozi ya siku 5 za vidonge baada ya upasuaji, ambayo bado inaandikwa kwa mazoea katika wodi nyingi, haikutolewa, na hakukuwa na sababu ya kuitoa.

Tundu la kwanza la milimita 10 lilifunguliwa kitovuni kwa kuona kwa macho kila tabaka, na kaboni dioksaidi ikajazwa hadi shinikizo la milimita 12 za zebaki. Trokari (mirija ya kupitishia vifaa) mbili za milimita 5 ziliwekwa kulia na kushoto, usawa wa kitovu. Meza iliinamishwa kichwa chini nyuzi 15 ili utumbo urudi juu wenyewe.

Kamera ilionyesha picha iliyo wazi. Kushoto, mfuko ulitoka nje ya mishipa ya epigastria ya chini (mishipa ya damu ya ukuta wa tumbo): ngiri ya pembeni. Kulia, tundu lilikuwa upande wa ndani wa mishipa hiyo: ngiri ya kati, yenye upana wa sentimita 3.5, yaani zaidi ya vidole viwili. Wavu wa zamani ulikuwa umejikunja na kuachia sehemu iliyo karibu na mfupa wa kinena, mahali ambapo marudio baada ya Lichtenstein hupenda kuanzia pale wavu usipovuka mfupa vya kutosha.

Utando wa tumbo ulichanwa sentimita 4 hivi juu ya mlango wa mfereji wa kinena, kuanzia usawa wa ncha ya mfupa wa nyonga hadi kwenye mkunjo wa kati. Halafu ikaanza kazi inayoamua kila kitu, yaani kuachanisha tabaka. Kwa ndani, nafasi iliyo mbele ya kibofu ilifunguliwa hadi mfupa wa kinena na ligamenti ya Cooper (ukanda mgumu juu ya mfupa huo) vikaonekana vyeupe, ikavuka mstari wa kati kwa sentimita 2 na kushuka chini ya ligamenti kwa kiasi hicho hicho. Hapo ndipo penye mshipa mdogo wa damu unaounganisha mishipa ya epigastria na ile ya obturata inayokwenda pajani, juu ya mfupa. Ukikatika, ncha zake hujificha na damu huwa ngumu kuzuia. Ulionekana mapema upande wa kulia, ukaachwa salama.

Kwa nje, uachanishaji ulibaki karibu na utando, ukiacha mafuta yaliyofunika mishipa ya fahamu mahali pake. Kuna maeneo mawili ambayo hayaguswi kwa pini wala kwa moto. Moja ni pembe kati ya mrija wa manii na mishipa ya korodani, ambapo chini yake kuna ateri na veni kubwa za mguu. La pili liko nje ya mishipa ya korodani, chini ya ukanda wa kinena, ambapo mishipa ya fahamu ya paja hupita. Pini moja hapo yaweza kumpa mtu maumivu ya paja ya miaka.

Mfuko wa kushoto haukukubali kuja wote. Nusu yake ya juu ilivutika vizuri. Ya chini ilikuwa imeshikamana na kamba ya korodani. Mpasuaji aliukata usawa wa mlango wa ndani, akafunga sehemu ya juu na kuiacha ya chini wazi. Angeendelea kuvuta, angehatarisha damu inayokwenda kwenye korodani. Kila mtu chumbani alijua bei ya uamuzi huo: sehemu iliyoachwa huongeza uwezekano wa majimaji kujikusanya. Uvimbe wa mafuta uliokuwa ndani ya mfereji nao ulitolewa. Ukiachwa, mgonjwa huendelea kuhisi uvimbe ule ule na kuamini kwamba hakupona.

Kulia, ukuta mwembamba uliolegea ndani ya tundu uligeuzwa na kushonwa kwenye ligamenti ya Cooper ili nafasi tupu isibaki.

Nyavu mbili za polipropilini zenye matundu makubwa, kila moja sentimita 10 kwa 15, zilikunjwa na kupitishwa tundu la kitovu. Kipimo hicho ndicho cha chini kinachokubalika. Wavu mdogo ni sababu ya kawaida ya ngiri kurudi. Kila mmoja ulifunika maeneo yote matatu ambayo ngiri hupitia: la kati, la pembeni na la paja. Zilikutana na kupandana kidogo katikati. Wa kulia ulishikizwa kwa nyuzi mbili, moja kwenye ligamenti ya Cooper na nyingine kwenye msuli wa tumbo upande wa ndani, kwa kuwa tundu la kati lililopita sentimita 3 linaweza kuumeza wavu. Wa kushoto haukushikizwa popote. Kabla ya kufunga, utando ulivutwa ili kuhakikisha haunyanyui ukingo wa chini wa wavu. Kama unaunyanyua, uachanishaji haujatosha na inabidi kuuendeleza.

Shinikizo la hewa lilipunguzwa hadi 8, utando ukashonwa kwa uzi unaoyeyuka namba 2-0 bila kuacha pengo. Pengo dogo linatosha kuingiza utumbo na kuuziba. Tabaka gumu la kitovu lilifungwa, na dawa ya ganzi, bupivakaini ya asilimia 0.25, mililita 20, ikadungwa kwenye matundu. Upasuaji ulichukua dakika 110.

Usiku wa kwanza

Mpango ulikuwa aondoke jioni hiyo hiyo. Kwa kuwa anaishi mbali na safari ni ya daladala mbili, alibakizwa, na ilikuwa bahati. Saa 7 baada ya kutoka thieta, muuguzi wa zamu alipita kwenye vitanda.

"Mzee, tangu utoke thieta umeenda haja ndogo?"

"Bado, sista. Najikamua lakini hautoki. Hapa chini pamekaza kama ngoma."

"Na nyumbani usiku huwa unaamka mara ngapi?"

"Mara tatu, mara nne. Nikajua ni uzee tu. Hakuna aliyeniuliza."

Ultrasaundi ya kitandani ilikadiria mkojo zaidi ya mililita 700. Aliwekewa katheta (mpira wa mkojo) namba 16, zikatoka mililita 850. Asubuhi alipimwa kwa kidole: tezi dume ilikuwa kubwa, laini, bila vinundu. Alianzishiwa tamsulosini, dawa ya kulegeza njia ya mkojo, miligramu 0.4 wakati wa kulala, na kuonywa ainuke taratibu, kwa sababu dawa hiyo pamoja na amlodipini inaweza kushusha shinikizo la damu ghafla. Katheta ilitolewa baada ya saa 48, akakojoa mwenyewe, na mabaki yalikuwa chini ya mililita 100. Aliondoka siku ya tatu.

Maumivu yenyewe hayakuwa tatizo kubwa. Parasetamoli gramu 1 kila saa 6 na ibuprofeni miligramu 400 mara tatu kwa siku, kwa siku 4, vilitosha. Bega lilimuuma siku mbili kutokana na hewa iliyobaki chini ya kiwambo (msuli wa kupumulia), kisha likatulia lenyewe. Alipewa ruhusa ya kutembea, kupanda ngazi na kuoga tangu siku ya kwanza.

Siku ya 9

Uvimbe ulirudi upande wa kushoto. Katika zahanati ya mtaani familia iliambiwa kwamba wavu umeachia, na kwamba maji yavutwe kwa sindano siku hiyo hiyo. Binti yake akapiga simu wodini.

"Shikamoo sista. Baba kavimba tena, wanataka kumtoboa."

"Marahaba, mwanangu. Ana homa? Anatapika? Pamekuwa pekundu?"

"Hapana. Anakula vizuri, hata haumii."

"Basi asichomwe sindano. Mlete kesho asubuhi, daktari amuone kwanza."

Uvimbe ulikuwa mgumu kiasi, usiouma, haukubadilika alipokohoa wala haukurudi ndani alipolala. Ultrasaundi ilionyesha majimaji ya sentimita 5 kwa 3 ndani ya ile sehemu ya mfuko iliyoachwa, hakuna utumbo, na wavu ukiwa mahali pake. Ilikuwa seroma, yaani majimaji ya kawaida ya kidonda. Uamuzi ulikuwa kusubiri. Sindano ingeweza kupeleka vijidudu karibu na wavu, na wavu ukiambukizwa mara nyingi hutolewa. Majimaji yenyewe hufyonzwa na mwili, mengi katika wiki 6 hadi 8.

Matokeo

Wiki ya 2 alianza kazi nyepesi ya kuhesabu magunia. Wiki ya 4 alirudi kubeba, akianza na mizigo midogo. Hakuna ushahidi kwamba kumpumzisha mgonjwa miezi mitatu hulinda wavu. Kinachofaa ni arudi kadiri maumivu yanavyoruhusu, na kwa mtu anayelipwa kwa gunia kila wiki ya ziada ni njaa nyumbani. Kufikia wiki ya 7 majimaji yalikuwa yameisha. Mwaka mmoja baadaye hapakuwa na ngiri upande wowote wala maumivu sugu. Bado anatumia tamsulosini, na anaamka mara moja usiku.

Uchambuzi

Kiufundi, upasuaji huu ulifanikiwa, na kilichoufanikisha hasa ni uvumilivu wakati wa kuachanisha tabaka: hakuna wavu uliowekwa kabla eneo lote halijaonekana. Uamuzi wa kuukata mfuko wa kushoto ulikuwa sahihi pia. Seroma hupita, lakini korodani iliyokosa damu hairudi.

Yaliyomtesa mgonjwa yalitokea nje ya uwanja wa kamera, na yote yangeweza kuzuilika au kupunguzwa. La kwanza ni mkojo. Mwanamume wa umri huu anapaswa kuulizwa maswali matatu ambayo hayachukui dakika moja: unaamka mara ngapi usiku, mkojo unaanza kwa shida, mkondo umepungua nguvu? Kujikamua wakati wa kukojoa ni msukumo kwenye kinena kila siku, sawa na kikohozi, na kikohozi kiliulizwa. Juu ya swali hilo lililosahaulika yakaongezeka mambo mengine ya siku ya upasuaji. Dripu zilifika lita 2 kwa mtu ambaye hakupoteza damu. Kibofu kikajaa kikiwa bado kimelala. Misuli iliyolegezwa wakati wa usingizi iliamshwa kwa neostigimini na atropini, na atropini hulegeza kibofu. Alipewa pethidini, dawa kali ya maumivu inayoweza kuzuia mkojo, katika chumba cha uangalizi, ingawa ganzi ya matundu na parasetamoli havikuwa vimepewa nafasi ya kufanya kazi. Hakuna hata moja kati ya haya linalotosha peke yake kuziba mkojo. Yote kwa pamoja, juu ya tezi iliyokwisha kukua, yalitosha. Angeondoka jioni kama ilivyopangwa, angehangaika usiku kucha mbali na hospitali. Kanuni inayostahili kuandikwa ukutani mwa wodi ni kwamba mwanamume aliyepasuliwa ngiri haruhusiwi kuondoka kabla hajakojoa.

La pili ni maneno ambayo hayakusemwa. Timu ilijua tangu thieta kwamba majimaji yatajikusanya kushoto, lakini mgonjwa hakuambiwa. Karatasi ya kuondokea iliandika tarehe ya kliniki na dawa, basi. Familia ilipoona uvimbe, ilifanya jambo la busara kwa kwenda zahanati, na zahanati nayo haikuwa na maelezo yoyote ya kuisaidia. Karatasi hiyo ilipaswa kusema kwa Kiswahili chepesi: uvimbe usiouma unaweza kutokea, usichomwe sindano, michubuko ya rangi ya zambarau kwenye uume na mfuko wa korodani hupona yenyewe, rudi haraka ukitapika na tumbo likijaa, ukipata homa, uvimbe ukiuma na kukataa kurudi, mguu ukivimba, au ukikaa saa 6 bila kukojoa.

Swali gumu zaidi ni kama njia yenyewe ilifaa. Kwa ganzi ya sehemu, mkojo kuziba ni nadra, na matokeo ya upasuaji wa wazi ni mazuri. Utafiti uliofanyika mashariki mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2016, kwa wanaume 302, ulionyesha kwamba hata wavu wa bei nafuu uliotengenezwa kwa kitambaa cha chandarua na kusafishwa vizuri hauna tofauti ya maana na ule wa viwandani baada ya mwaka mmoja. Kwa ngiri ya mara ya kwanza ya upande mmoja, katika hospitali ya wilaya isiyo na kamera, hiyo ndiyo tiba, na hakuna sababu ya kumsafirisha mgonjwa. Upasuaji wa kamera huhitaji visa 50 hadi 100 kabla mkono haujatulia, na anayeufanya mara moja kwa miezi miwili hafiki huko. Kilichoipa njia hii haki kwa mgonjwa huyu ni marudio ya kulia yaliyokutana na ngiri ya pili kushoto, mbele ya timu yenye mazoea. Kimoja kikiondoka, hesabu inabadilika.

Limebaki jambo linalohusu miaka ijayo. Sasa ana nyavu nyuma ya misuli pande zote mbili, zikikutana mbele ya kibofu. Ngiri ikirudi, mpasuaji atalazimika kupita mbele. Na ikitokea siku moja anahitaji tezi dume kuondolewa kwa saratani, njia hiyo hiyo ya mbele ya kibofu itakuwa imejaa makovu, na daktari wa mkojo anapaswa kulijua kabla hajashika kisu. Ndiyo maana tezi ilipaswa kuchunguzwa kabla ya nyavu kuwekwa. Kipimo cha PSA (kipimo cha damu cha kuchunguza tezi dume) kilisubiri wiki 6 baada ya katheta, maana mkojo kuziba na katheta vyenyewe hukipandisha, na kilikuwa cha kawaida. Maelezo ya aina ya nyavu, ukubwa na mahali zilipo yameandikwa kwenye kadi ambayo mgonjwa anaiweka pamoja na kadi yake ya kliniki ya shinikizo la damu.